Mkonge wa Ogweno

Juzi, kwenye barabara ya kwenda Ntimaru, niliona maafisa wakipaka mawe rangi nyeupe, eti ni mpaka. Nikakumbuka harufu ya mkonge mbichi, na utomvu wake ulioniwasha mikono alasiri nzima.

Ogweno, naibu wa chifu, alituahidi sisi watoto mandazi tukipanda miche yake kwa mstari, kati ya boma letu na la nyanya, mamake mama. Alisema wilaya mpya inakuja. Mimi nilidhani wilaya ni kitu kama kinu cha kusaga mahindi, kitaletwa na lori, na mkonge ni wa kuzuia mbuzi.

Mama, Mkuria aliyeolewa kwa Wajaluo, alisimama mikono kiunoni.

"Sasa Ogweno, mimi niko upande gani?"

"Mama Achieng', wewe kaa kwa bwana yako," akacheka. "Mamako ndiye ameenda wilaya ingine."

"Ameenda? Si huyo pale anapepeta wimbi!"

Vita kati ya Wajaluo na Wakuria vilipofika, vijana walifuata mstari ule kuchagua nyumba za kuchoma. Ogweno ndiye aliyewaonyesha, nimechoka kumficha. Upande wetu walimwita mama adui. Akakimbilia kwa nyanya, na huko wakamuuliza yeye ni mke wa nani.