Kicheko cha Mama kwenye Gari la Sumu ya Panya

Muziki tuliopiga sisi haukuwa na gitaa wala ngoma, na kila ninapoueleza kwa vijana naona wananitazama kwa huruma. Basi nianze polepole. Unachukua redio kaseti yenye kinasa sauti, unakwenda mahali penye sauti: mashine ya kukamua alizeti, bomba linalokohoa kabla maji hayajatoka, mtu anayepepeta uwele. Unarekodi. Ukirudi nyumbani unafungua kaseti kwa bisibisi ndogo, unaukata utepe kwa wembe pale sauti unayoitaka inapoanzia na pale inapoishia, kisha unaunga ncha mbili kwa selotepu ili kipande kiwe duara. Ukikirudisha ndani ya kaseti na kubonyeza, sauti ile inajirudia bila mwisho. Mpepeto mmoja wa ungo unakuwa ngoma. Ukiwa na redio kadhaa, kila moja na duara lake, tayari unao muziki. Kazi hii inataka vidole vitulivu na masikio yasiyo na haraka, na wewe unayesoma unaweza kuifanya hata leo ukipenda. Nayasema haya mapema kwa sababu mengi yanayofuata yananitia kichefuchefu, na sipendi mtu afikiri kichefuchefu hicho ni cha kazi yenyewe.

Tulikuwa watatu, Singida mjini, miaka ile ya ruksa, wakati maduka yaliyozoea rafu tupu yalipojaa ghafla. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti. Mitumba ilipoingia, vitambaa vyake vikakosa wanunuzi, akaniachia chumba cha mbele nikauza kaseti. Mwenzangu wa kwanza alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Ihanja, aliyefanya kazi kwenye mashine ya alizeti nyuma ya soko. Alikuja dukani akiwa ananuka mashudu na kuniambia kwamba ile mashine ikiwashwa asubuhi inaimba, ila hakuna anayeisikiliza. Wa pili alikuwa kaka aliyekuwa karani wa chama cha ushirika mpaka chama kilipokufa mikononi mwake. Tuliendelea kumwita Karani. Hakuwa hodari wa wembe, lakini alijua kuzungumza na watu, jambo ambalo mimi na dada hatukuliweza.

Mara ya kwanza tulipopiga mbele ya watu ilikuwa harusini kwa jirani. Hatukufika mbali. Mzee mmoja mwenye kanzu alinisogelea kwa adabu zote.

"Kijana, redio yako inakula utepe. Izime kabla kaseti haijaharibika."

"Shikamoo mzee. Haijaharibika. Ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo nini?"

"Muziki wenyewe."

"Basi poleni," akasema, akarudi kwenye pilau.

Manyoni ilikuwa tofauti. Tulirekodi mabehewa yakigongana stesheni, tukawapigia watu wa reli katika ukumbi wao. Mwanzoni walicheka, halafu mmoja akasema anaijua breki ile, ni ya behewa fulani bovu. Wakabishana juu ya breki mpaka tukamaliza, na dada akaniambia hajawahi kufurahi hivyo. Baadaye redio moja mpya ya watu binafsi, Dar es Salaam, ilipiga kazi yetu Jumapili moja. Mtangazaji aliicheka, lakini aliipiga yote. Karani alinunua koti.

Sasa niwaeleze sheria yetu, maana yote yanategemea hiyo. Tuliiita kurudisha sauti. Hatukutumia sauti ya mtu mpaka tumemrudia mwenyewe, tukampigia kipande tulichokata, naye akasema ndiyo au hapana. Wengi walisema ndiyo na kuomba kusikia tena. Fundi baiskeli mmoja wa Iguguno alisema hapana kwa sababu alikuwa ametukana, tukafuta.

Sheria hiyo hatukuibuni sisi. Aliileta mama yake dada. Siku tulipokwenda kwake Ihanja mara ya kwanza, alikuwa anapepeta uwele uani, redio yetu ikirekodi ungo. Aliposikia kwamba wageni watakula, aliweka ungo chini ili amkamate kuku. Kuku akaruka, akatumbukia kwenye sufuria la maji, akatoka na kupita katikati ya miguu ya Karani, ambaye alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya ofisini. Mama akacheka. Sijui nikielezeeje kicheko kile. Kilianza kwa pumzi ya kuvuta ndani, kama mtu anayetaka kupiga chafya, kisha kikapanda ngazi baada ya ngazi, na huko juu kikakatika kwa "haya, basi." Ukikisikia lazima ucheke, hata kama una huzuni.

Alipogundua redio ilikuwa inazunguka muda wote, aliacha kucheka.

"Mmechukua kitu nyumbani kwangu," alisema. "Nisikie kwanza."

Tukampigia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akamwambia binti yake jambo kwa Kinyaturu, kisha akatugeukia kwa Kiswahili. "Mnaweza kukitumia. Watu wakiwa wamekaa wanasikiliza, sawa. Lakini msinipeleke sokoni. Mimi si wa kunadiwa."

Karani ndiye aliyejibu. "Tumekuelewa, mama."

Kazi iliyotokana na siku hiyo ndiyo bora tuliyowahi kufanya: ungo unapepeta, mashine ya alizeti inawaka kwa mbali, na kicheko kinaingia pale usipokitarajia. Tulimrudishia nzima, akaikubali. Ndiyo iliyopigwa redioni.

Ndiyo pia iliyomleta promota. Alitoka Dar es Salaam na miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya duka langu lenye giza. Alisikiliza kwa kurukaruka, akibonyeza mbele kila nilipotaka asikilize. Mwishoni alisema hakuna mtu atakayecheza muziki huu, ila una vipande vizuri. Nilimweleza kwa upole jinsi vipande vinavyotegemeana, nikamwonyesha hata wembe. Alipiga miayo. Karani alimsindikiza nje, wakaongea muda mrefu kando ya gari.

Hazikupita wiki nyingi, asubuhi moja, gari lenye vipaza sauti juu likasimama mbele ya duka. Ubavuni walikuwa wamefunga ubao, na juu ya ubao wamepigilia panya waliokauka, mikia ikining'inia, baadhi wameanza kutoka manyoya. Inzi walikuwa wamejaa. Harufu iliingia dukani kabla ya sauti. Dada alikuwa ameketi karibu na mlango akinywa chai. Kipaza sauti kikasema: "Ukiweka jioni, asubuhi unamkuta chali." Halafu mama yake akacheka.

Kicheko kile kile, kuanzia pumzi ya ndani. Nyuma yake uliweza kusikia kipande cha ungo wetu. "Mkubwa chali, mdogo chali, mwenye mimba chali," na mama akacheka tena, na watoto wa mtaani wakacheka naye. Pale mwisho hawakuacha "haya, basi." Walikuwa wamemkata kabla hajafika hapo, ili acheke mfululizo asipumzike. Lilikuwa duara, kama tulivyokata sisi. Lilikuwa limekatwa vizuri.

Dada aliweka kikombe chini. "Lile gari limetoka upande gani?" aliniuliza.

Nilitoka kumuuliza dereva. Alinijibu kwa bashasha, mkono uliokuwa umeshika vipakti vya sumu ukiwa umening'inia dirishani. Juzi walikuwa Nduguti, jana walikuwa barabara kuu ya kwenda Manyoni. "Biashara inakwenda, kaka. Hiki kicheko kinawaita watu kama chakula. Nikuachie vipakti viwili?"

Karani tulimkuta kwenye mgahawa, anakula chapati na maini. Hakukana kwamba alimpa promota kipande kile, na hilo peke yake lilinikera, kwamba hakuona cha kukana.

"Tulimrudishia sauti yake, tukampigia, akakubali," alisema. "Sheria inasema nini zaidi ya hapo?"

"Alisema asipelekwe sokoni," dada akamwambia.

"Dada yangu, aliyepelekwa ni mama? Mama yuko Ihanja. Kile ni kipande cha utepe. Wewe mwenyewe ulikikata kwa mkono wako, ukatoa huku, ukaunga huku. Hapa duniani hakuna mtu anayecheka hivyo. Tumemtengeneza sisi."

Alisema maneno haya huku akitafuna, na mafuta ya maini yaking'aa kwenye kidevu. Kilichonichafua roho kuliko mafuta ni kwamba mengine yalikuwa kweli. Mimi ndimi niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba sauti ikishakatwa inakuwa kitu kipya. Nimeyafikiri maneno hayo miaka mingi na bado nayaamini, lakini tangu siku hiyo siwezi kuyasema bila kuona kile kidevu.

"Tena msikasirike mapema," akaongeza, akajifuta. "Yule bwana anauliza kama tunaye mtu anayelia. Mwanamke. Wana dawa ya kunguni inatoka mwezi ujao."

Dada alinishika mkono, tukaondoka. Alitaka tufike Ihanja mama asije kusikia kwa watu. Tulichukua kaseti ya kwanza kabisa, ile ya siku ya kuku, iliyokuwa na kicheko kizima, tukapata nafasi juu ya lori la vitunguu. Njiani dada alisema jambo moja tu: kwamba barabara ile ya Manyoni ndiyo inayokwenda kwao, na gari lilipita huko jana.

Tulimkuta mama shambani. Uwele ulikuwa umekomaa, na ndege walikuwa wanashuka kwa makundi, naye akiwatupia udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuacha kutupa. "Jana nilipita hapo barabarani na huku nimekaa nyumbani. Watu walikuja kuniita nijiangalie."

Dada alianza kueleza. Alieleza promota, Karani, wembe, kipaza sauti, na mama akamsikiliza kama vile angesikiliza habari za mgonjwa wa mbali.

"Wamenikatiza," alisema mwishowe. "Mimi huwa nasema haya, basi. Wao hawaniachi nifike."

Nilimwambia tungemtafuta promota, na kwamba kaseti ya asili tunayo. Sikumaliza, kwa sababu sote tulijua kwamba magari mengine yalikuwa na nakala, na nakala hizo zilikuwa na nakala. Kunakili kaseti ndiyo iliyokuwa biashara yangu dukani. Niliifahamu vizuri mno.

"Niletee hiyo," mama akasema. Aliigeuza kaseti mkononi. "Mnayo redio?"

"Tunayo, mama. Tukupigie?"

"Hapana."

Aliingiza kidole, akauvuta utepe nje. Ulitoka mwingi, wa kahawia, unang'aa. Dada alinyoosha mkono kama anayetaka kuuzuia, kisha akaurudisha. Mama aliufunga kwenye mti wa pembeni, akamkabidhi binti yake ncha, naye akaupitisha juu ya uwele mpaka mti wa pili, akarudi, akapitisha tena, kama wanavyofanya wakulima wengi wa kwetu na kaseti zilizokufa ili kufukuza ndege. Upepo wa Singida haukawii. Utepe ulianza kutetemeka, halafu ukavuma, sauti nyembamba isiyo na mtu ndani yake. Ndege wakainuka wote kwa pamoja.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kurekodi. Dada aliuona, akatikisa kichwa, nami nikauondoa. Hatukupiga muziki tena baada ya hapo, wala hatukukutana kuzungumza jinsi ya kuacha.

Kuna mtoto wa jirani aliyekuwa ameketi njiani akitutazama. Alipoona tumemaliza, alivuta pumzi ndani na kucheka, kicheko kile cha kwenye gari, duara na duara, bila mwisho, vizuri kabisa. Hakuwa na nia mbaya. Alifikiri anamfurahisha mama.

"Unajua kuniiga," mama akamwambia.

Kisha nikamwona anataka kucheka kweli, maana mtoto yule alichekesha. Pumzi ikaingia. Akainua upande wa kanga yake, akafunika mdomo, na tulichokiona ni mabega yake tu yakitikisika. Ndege walizoea utepe, wakarudi kabla ya mavuno. Yeye mpaka leo hucheka vile vile, amefunika mdomo, na sijamsikia tena akisema haya, basi.