Kopo la Udongo la Theopista

Ghorofa la jirani lilipotunyima jua uani kwetu Kariakoo, wapangaji wote tulinung'unika kwamba nguo hazikauki. Theopista, mama wa Kichaga mwenye duka la vyombo, alifurahi peke yake. Alisema sasa amepata msitu wake. Akajaza makopo mimea ya kivulini: kangaga, viua vya zambarau vya Usambara na isale la kwao Kilimanjaro. Tulimcheka mpaka basi, lakini mimea ikastawi.

Kipenzi chake kilikuwa ua jekundu la msituni alilochimbiwa na marehemu mama yake. Lina kitunguu ardhini. Kiangazi hulala, ukaona kopo la udongo tu. Halikuwahi kuchanua hata mara moja. Mwaka huu aliapa litachanua, akawa analichungulia kila asubuhi kama chungu cha pilau.

Kuruthumu wa chumba cha mbele ni mwanamke asiyevumilia vumbi. Alipokuwa anasafisha uani kuelekea Idi, akakuta kopo la udongo mkavu. Akalimwaga kwenye kifusi nyuma ya tangi la maji, akalisugua, akalipindua ukutani. Theopista aliporudi aliliona kopo tupu, akajifungia chumbani, na hapo ndipo tulipoogopa. Sahani ya biriani aliyopelekewa na Kuruthumu siku ya Idi aliirudisha haijaguswa. Hilo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

Kuruthumu alipoambiwa alichomwaga alilia, akachakura kifusi asikione kitunguu. Kisha akakumbuka alichosimuliwa na Theopista mwenyewe: kwa Wachaga, ukiletewa jani la isale lililofungwa fundo, huna budi kusamehe. Akaja nalo mlangoni, amelishika kwa mikono miwili.

"Dada Theo, nimekosa. Nisamehe."

Theopista akalitazama jani, akageuka kutazama kopo la isale pembeni.

"Yaani umekata isale langu?"

"Sasa ningelitoa wapi, dada?"

Theopista alicheka mpaka akakaa chini. Akasamehe. Lakini kicheko kilipokwisha, machozi yaliendelea, nasi tulijua anamlilia mama yake.

Masika yakaanza. Asubuhi moja Kuruthumu alienda kuchota maji tangini, akapiga kelele mpaka nyumba nzima ikatoka mbio. Katikati ya kifusi lilikuwa limesimama ua, duara jekundu la nyuzinyuzi, kubwa kama chungwa. Jamani, lile lilikuwa jekundu! Theopista akapiga magoti kwenye matope na kitenge chake cha dukani. Kuruthumu tayari alikuwa ameshaleta kopo.

"Liache hapohapo," Theopista akasema. "Kwangu lilikuwa linagoma. Wewe ndiye umelipanda."

Siku hizi kona ile imezungushiwa matofali, na anayetaka kufagia uani kwetu huomba kwanza ruhusa kwa Kuruthumu.