Ng'ombe Wetu Katika Boma la Mbali

Radi ya Sotik haibishi hodi. Alasiri moja ilipiga kituo chetu cha kupokea maziwa, ikaunguza kompyuta pamoja na diski ya akiba iliyochomekwa kando yake. Rekodi za wakulima wote za mwezi ule zikapotea. Mke wangu akakaa mlangoni akimuuliza kila mmoja alileta kilo ngapi, akaandika alichoambiwa. Mama mmoja jirani alijibu, kisha akafunika mtungi wake polepole. "Safari hii nimewaamini," alisema. "Ikirudia, kuna mnunuzi mwingine hapo barabarani."

Tukaamua kuhifadhi rekodi kwa kampuni inayokodisha kompyuta zake huko mbali, kupitia mtandao. Mimi nilikuwa nimeshachagua moja, ya bei nafuu. Mke wangu akanizuia.

"Baba yangu aliweka ng'ombe kwa rafiki yake kule Siongiroi," alisema. "Ugonjwa ulipomaliza wa nyumbani, wale walibaki. Lakini kabla ya kuwapeleka aliuliza wengine walirudishiwa ng'ombe wao vipi."

Hiyo ni kimanagan, desturi yetu Wakipsigis: rafiki wa mbali anamlisha ng'ombe wako na kunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wako.

Akampigia simu ajenti wa kampuni niliyoichagua. "Kijana, siku tukitaka kutoka, tunatoka aje?"

"Mama, hamtataka kutoka. Wateja wetu hawatokangi."

"Sijakuuliza kama wanataka."

Ajenti akaongea juu ya kasi, usalama na ofa. Mke wangu alimshukuru, akakata simu. "Huyo ana boma zuri sana," akaniambia. "Halina mlango."

Kampuni ya pili ilikuwa ghali kidogo. Dada aliyepokea simu alikubali tujaribu kwanza. Tukaweka rekodi za wakulima wachache, kisha mke wangu akasema, "Sasa nirudishie." Dada akamwelekeza pa kubonyeza, na chai yetu ilikuwa bado moto faili lilipoingia kwenye simu, lote, linasomeka.

"Nikisema ufute huko, hutabaki na ndama?"

Dada akacheka, kumbe alikuwa Mkipsigis mwenzetu wa Bomet. "Hata mkia, mama."

Tukalipa siku hiyohiyo.

Radi ilirudi na mvua za msimu uliofuata. Asubuhi yake kompyuta mpya haikuwaka, na mitungi ilikuwa imepangwa hadi barabarani. Nilimshukuru kimoyomoyo baba mkwe ambaye sikuwahi kumwona, na yule dada wa simu, na zaidi mke wangu aliyenishika mkono kabla sijalipa kwingine.

Yule mama jirani alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mke wangu akafungua kwenye simu rekodi zilizohifadhiwa kule mbali, akamsomea kilo zake siku baada ya siku. Alisikiliza akihesabu kwa vidole mpaka mwisho, kisha akapandisha mtungi kwenye mizani.

"Pima basi," alisema. "Mnanichelewesha."