Malka Ilipopata Mwenyewe

Mume wangu alikuwa ameenda Hola siku wapima ardhi walipofika shambani kwetu, nje kidogo ya Garsen, basi niliwapokea mimi. Diwani alikuwa ametuahidi hati kabla ya uchaguzi. Kila kipande kipate mwenyewe, alituambia, ndipo benki itukopeshe na sisi tuonekane watu. Tulimpigia makofi hadi viganja vikauma.

Kati ya migomba yetu na ya jirani palikuwa na malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Hakuna aliyewahi kuilima. Wafugaji walipita hapo tangu enzi za babu zetu, na kila walipopita, mama mmoja wa Kiorma alinitilia maziwa kibuyuni, nami nikampa chane za ndizi. Mwanangu wa kwanza alinenepa kwa maziwa yale.

"Hapa ni pa nani?" mpimaji aliuliza.

"Pa watu wote."

"Mama, watu wote hawaandikiki. Kisicho na mwenyewe kitarudi serikalini."

Na sisi tulijua ardhi ikirudi serikalini huibukia wapi: kwa mkubwa fulani, imeshazungushiwa seng'enge.

"Basi ni pa mume wangu," nikasema.

Mimi hujiliwaza kwamba nilimwogopa huyo mkubwa. Nilimwogopa, ndiyo. Lakini udongo wa malka, ulioshiba samadi miaka nenda miaka rudi, nilikuwa nimeutamani kitambo, na mpimaji alinipa kisingizio tu. Naona haya hadi leo.

Mume wangu aliporudi alinisifu. Akapanda migomba, akaziba njia kwa miiba. Uchaguzi ukaja ukapita, diwani akapata kiti chake, na hati hatukuziona. Miiba haikuondolewa. Migomba ilikuwa imeshika vizuri, nani angeing'oa?

Kiangazi kilipokaza, yule mama alikuja na ng'ombe wake, mbavu nje. Zamani angeniita kutoka mbali, anitanie kwamba jembe langu limelala, huku ng'ombe wakipita. Safari hii alisimama mbele ya miiba, kibuyu mkononi, akanitazama nikipalilia.

"Hodi, dada," alisema. "Ng'ombe iko na kiu."

"Karibu," nikaitikia kwa mazoea, kisha nikainama, nikaendelea kupalilia.