Mchumba Wangu Anataka Nifungue Disketi Mbele ya Wazee

Mhariri, naomba unifiche jina kabisa, kwa sababu ukurasa huu unasomwa mpaka kwetu Muthara. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne. Nimeajiriwa katika ofisi ya kuchapa na kutoa kopi hapa Meru mjini, si mbali na soko la Gakoromone. Mwaka huu mwajiri wangu aliunganisha intaneti. Nimechumbiwa, na uchumba huo sasa uko karibu kuvunjika kwa ajili ya disketi moja.

Kompyuta za pale zinakumbuka kila kitu. Anayekaa baada yako anaona ulikopita. Ndiyo maana fundi mmoja aliponipa disketi yenye programu ndogo ya kuingilia intaneti, nilishukuru sana. Naichomeka, inafanya kazi kutoka humo humo, nikiitoa siachi alama. Ni ya polepole mpaka inakera, lakini ni yangu.

Niliihitaji kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Mumewe, mwenye bucha Kangeta, alimpiga kwa miaka, na kila alipokimbilia nyumbani baba alimrudisha. Mwishowe alitoroka. Yuko katika mji ambao hata hapa siutaji, anachapa barua katika ofisi fulani, na huniandikia mimi peke yangu, kwa intaneti. Shemeji huja kazini kwetu kutoa kopi, hukaa hata kwenye kiti changu, huniuliza kwa upole, "Shemeji, bado hakuna habari?" Namwambia hakuna.

Mchumba wangu, nimwite Mwenda, alinikuta siku moja nikichomoa disketi haraka. Nilipoinuka kumhudumia mteja, akapekua kompyuta yote. Hakuona jina langu popote, na hilo ndilo lililomkasirisha.

"Watu wote wako hapa isipokuwa wewe," akasema. "Mtu hana kitu ya kuficha hatembei na intaneti yake kwa mkoba. Unaandikia nani?"

"Rafiki yangu, msichana."

"Basi fungua nione."

Nilikataa. Ningemwambia ukweli, lakini shemeji ndiye aliyemleta kwetu. Wamekua pamoja, na Mwenda hawezi kumficha neno. Niliwahi kumjaribu kwa siri ndogo tu, ikafika Kangeta kabla ya jioni.

Jumapili iliyopita wazee wao walikuja nyumbani, shemeji akiwa msemaji wao. Baba alishapokea kifurushi cha miraa cha kuombea msichana, kwa hiyo kwake mimi nimeshaolewa. Niliagizwa niilete disketi, ikawekwa mezani katikati ya vikombe vya chai. Mjomba wake Mwenda akaiinua dirishani, akaitazama mbele na nyuma.

"Na hii ndio imebeba mwanaume?" akauliza.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nyumba nzima haina kompyuta, lakini walikaa wakiitazama mpaka chai ikapoa.

"Mwari," baba akaniambia, "hii kitu ifunguliwe wazee waone, maneno iishe."

Nikaeleza kwamba barua hazimo ndani ya disketi, kwamba hiyo ni ya kuingilia tu. Mwenda akasema kama ni tupu basi nimefuta. Sasa utashindana vipi na mtu kama huyo? Nikiwa na kitu nina hatia, nikikosa nina hatia zaidi. Nimechoka, wasomaji. Nimechoka kuitwa malaya na watu wasiojua hata disketi inaingilia upande gani.

Wameamua mwisho wa mwezi twende wote ofisini, nifungue barua zangu mbele yao. Shemeji amesema atakuja kama shahidi. Kuzifuta hakutanisaidia, kwa maana sanduku la barua likiwa tupu wameshalihukumu. Nikikataa, miraa itarudishwa, na baba ameapa kwamba siku hiyo nitafute baba mwingine. Na Mwenda nampenda, sitawadanganya.

Jana dada aliniandikia. Anauliza harusi ni lini, maana anataka kuja, hata kama itabidi asimame nje ya kanisa na kitambaa usoni. Sijamjibu. Nishaurini, nimwambie nini?