Nilivyobadilisha usukani wa baiskeli ya marehemu, Kibra 1958

Wakuu, salaam aleikum na heshima zenu zote. Nitakayoyasimulia yalinipata mimi mwenyewe, na niliyoyasahau nimeyaacha nje.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti. Maneno ni yangu; kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, na tangu hapo sijamwomba mtu aniandikie.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Machi 1958. Eda yangu ilikuwa imekwisha wiki hiyo.

Marehemu mume wangu aliacha ng'ombe watatu na baiskeli moja. Kila alfajiri alipeleka maziwa Kawangware kwa baiskeli hiyo. Nilipokuwa ndani nikikaa eda, shemeji yangu Ramadhani aliishika kazi, nami namshukuru kwa hilo.

Tatizo ni kwamba eda ilipokwisha, hakutaka kuirudisha.

Bila baiskeli sina wateja. Kwa miguu, maziwa yangefika yameanza kuchacha.

Tulikalishwa mbele ya mama mkwe. Ramadhani akasema, "Mama, usukani ule uko chini. Shemeji akiushika atainama mpaka pua iguse gurudumu. Mtaa mzima wa Makina utamtazama mgongo!"

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Mwanamke wa nyumba hii hatainama barabarani."

Nikauliza, "Na nisipoinama?"

Wakacheka wote. Mama mkwe akapangusa machozi ya kicheko, akasema, "Usipoinama, ichukue."

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Kweli usukani ule ulikuwa wa chini, wa vijana wa mashindano. Marehemu alipenda mbio. Lakini usukani hufungwa kwa nati, na nati hufunguliwa.

Wakiwa bado wanacheka, nikaikokota baiskeli hadi Kawangware, kwa fundi mmoja mzee aliyefanyia kazi kando ya njia. Alikuwa na usukani wa kuinuka, mikono yake imepinda kumrudia mwendeshaji. Tukabadilishana: yeye achukue ule wa chini, mimi nichukue huu.

"Mama Kibra, kwa huu utakaa wima kama padri," akaniambia.

"Mimi Mwislamu, mzee."

"Basi kaa kama imamu, lakini kaa!"

Nilikuwa nimejifunza kuendesha nikiwa msichana, kwa baiskeli ya baba. Nikajifunga gurbaba vizuri (kwa wasiojua, ndiyo nguo yetu Wanubi ya kujitanda), nikapanda. Mgongo ulinyooka kama nimeketi kitini. Niliona mbali. Nikajisifu.

Nikakata kona. Goti likagonga mkono wa usukani, nami nikawa chini vumbini.

Akina mama waliokuwa wakipita na kuni wakaangua kicheko. "Wewe, ng'ombe wako amekupiga teke?"

"Bado hajanijua," nikawajibu, nikasimama.

Fundi alilegeza nati, akausogeza usukani mbele kidogo ili goti lipate nafasi, akakaza tena. Nikarudia kona ileile. Nikarudia tena, mpaka akina mama wakachoka kungoja nianguke, wakaenda zao.

Kwa wanaotaka kujua: mlimani usukani huu ni mgumu, kwa sababu huwezi kuulalia, na upepo wote unaupokea kifuani. Njiani kurudi Kibra, kutoka kijitoni nilipanda nikihema. Sikushuka.

Niliingia Makina watu wakitoka msikitini, baada ya Alasiri. Ramadhani alikuwa miongoni mwao.

"Shemeji, shuka! Utatuaibisha!"

 Nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa mama mkwe, nikasimama nikiwa bado juu ya tandiko.

Alitoka. Akaizunguka baiskeli. Kisha akapitisha kiganja mgongoni mwangu, polepole, kutoka shingoni hadi kiunoni, kama mtu anayekagua ukuta uliokandikwa upya.

"Umenyooka," akasema. Akamgeukia mwanawe: "Ramadhani, mpe na madebe yake."

Kesho yake alfajiri nilipeleka maziwa mwenyewe.

Nililojifunza ni hili: mtu akikupa sababu ya kukukatalia, ichukue kama ilivyo, ukaifanyie kazi. Ukiiondoa, atalazimika kutafuta nyingine mbele za watu, na wengi hawana.

Ninyi je, mlipewa sababu gani, na mkaifanyaje? Andikeni hapa chini. Anayepinga naye apinge kwa hoja; nitasoma yote, nami nitajibu.