Bhoke na Punje ya Mwisho ya Mwanga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso unaniwasha. Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia katika sekondari moja upande wa Rwamgasa, nimetoka chuoni juzijuzi, suruali ina mkunjo wa pasi na kichwa kimejaa kanuni. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma kwelikweli. Nakuandikia haya kwa kuwa umeniambia umepangiwa kufundisha somo hilohilo kule Runzewe, na sitaki ujikwae pale nilipojikwaa mimi.

Siku hiyo nilikuwa na kidato cha nne. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini watoto wakinikodolea macho niliwafafanulia kwa Kiswahili. Nikaandika ubaoni: mwanga ni wimbi. Akanyoosha mkono msichana wa dawati la nyuma, Bhoke, binti wa Kikurya aliyehamia na mama yake kutoka Tarime, wakati ule dhahabu ilipokuwa ikiwavuta watu wa kila kabila kuja huku kwetu.

"Mwalimu, kama mwanga ni wimbi, nikiupunguza, nikiupunguza, si nitafika punje ya mwisho?"

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikashika meza. "Punje? Unataka kutupikia uji wa mwanga?" Darasa zima likaangua kicheko, na kabla kengele haijalia alishapata jina: Bhoke Uji.

Siku ya pili hakuja. Ya tatu vilevile. Wiki ikaisha, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili. Wenzake wakaniambia wamemwona mwaloni, pale wachimbaji wanaposaga mawe na kuosha dhahabu, anachekecha unga wa mawe kando ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, kitambaa puani. Huku kwetu, ukimwona mtoto wa shule ameshika chekeche mwaloni, ujue madaftari yake yako njiani kufungia vitumbua.

Nikapanda baiskeli kwenda kumgombeza mama yake. Ndiyo, mama yake! Nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu.

Mama Bhoke aliuza uji pembeni mwa mwalo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na kikombe kabla sijafungua mdomo. Uji ulikuwa mwekundu, mzito, umetiwa ndimu.

"Unaujua huu, mwalimu?"

"Ulezi, mama."

"Kwenu ulezi. Kwetu ni wimbi. Mtoto wangu tangu aachishwe ziwa amekunywa wimbi. Umemwambia mwanga ni wimbi, naye akajua una punje. Kosa lake liko wapi?"

Akaendelea huku anatabasamu kidogo, kwa utani ule wa kuchoma. "Wewe Msukuma kila kikao cha wazazi unatuambia 'kalibuni', na sisi tunakaribia. Nani amekucheka?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Niliinamia kikombe changu, na palepale, katikati ya kelele za karasha, lile swali la Bhoke likanijia upya. Ukiupunguza mwanga, unafika punje ya mwisho? Jibu nilikuwa nalo, mwanangu! Nililikariri chuoni, nikalifanyia mtihani, nikafaulu, nikaliacha hukohuko.

Wewe unalijua, lakini mvumilie mzee akukumbushe. Mwanga ukikutana na mwanga hupishana kama mawimbi ya maji, pengine ukazidi, pengine ukafutana; kwa hilo ni wimbi. Lakini unapoipiga metali ukang'oa elektroni, hautoi nguvu yake kwa kuchuruzika kama maji ndooni. Huitoa kwa mafungu, punje kwa punje, na ukiufifiza mno, punje huwasili moja moja. Ajabu zaidi, hata elektroni, tunazoziita chembe, ukizipitisha moja moja kwenye nyufa mbili nyembamba, kila moja huacha nukta yake, kisha nukta zikishakuwa nyingi hujipanga mistari mistari, kazi ambayo ni ya mawimbi. Hakuna awezaye kukuambia kwa neno moja mwanga ni nini. Binti yule, kwa kulishika neno la mama yake, aligusa jambo ambalo mimi mwenye cheti nilikuwa nimeliruka.

Nikamfuata kwenye karasha. Alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Bhoke, nilikucheka kwa kiburi changu. Nisamehe. Swali lako lilikuwa swali la kweli."

Akaendelea kuchekecha. Nikadhani ndiyo basi tena. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Sasa mwalimu, inafikika?"

"Nini?"

"Hiyo punje ya mwisho."

"Inafikika. Njoo Jumatatu nikueleze."

"Uwaambie na wao."

Nikawaambia. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lilelile nikasema mwalimu wenu alikosea, na kipindi kizima nikakitumia kulijibu swali la Bhoke, ingawa halikuwemo kwenye mtihani wao. Jina la Uji halikufa siku hiyo, nisikudanganye. Alifanya mtihani akafaulu, si kwa maajabu, ila alifaulu. Leo anafanya kazi ya eksirei hospitalini, na mwaka jana kifua kiliponibana, yeye ndiye aliyenipiga picha. "Vuta pumzi, mwalimu, uishikilie," akaniambia, nami nikatii. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa mama yake, sasa ni marehemu, ambaye angeweza kunifukuza kwa mwiko lakini alinipa uji kwanza.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kulicheka swali ndio ujinga wenyewe. Utapokea watoto wa Kisukuma, wa Kisumbwa, wa Kizinza, na waliokuja na wazazi wao kutoka mbali, kila mmoja na maneno ya jikoni kwao. Ukisikia neno likakuchekesha, muulize kwanza kwao lina maana gani. Na ukimkosea mtoto mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu haohao. Usimwite pembeni ukadhani umemaliza.

Nenda salama. Mungu akupe wanafunzi watakaokuuliza usichokijua, na akupe moyo wa kuwashukuru wangali wadogo, kabla hawajawa wakubwa ukawahitaji.